Spora za Rangi Mbili Katika Tone Moja

Mzee aliyeniletea tawi lile hakuwa na haja ya jina la Kilatini. Nyuma ya nyumba yake, upande wa Muheza, kuna mwembe wa dodo ambao tangu kiangazi ulikuwa ukikauka ncha moja baada ya nyingine, naye alitaka kujua jambo moja tu. Alikuwa amekata kipande cha urefu wa dhiraa, akakifunga kwa kamba ya katani, akakilaza juu ya meza yangu ya maabara, akaitikia shikamoo yangu akiwa bado amesimama, kisha akauliza:

"Mwanangu, kilichoua tawi hili ni nini?"

Gome lilikuwa limesinyaa na kupasuka kwa urefu. Ndani ya mipasuko kulikuwa na vidutu vyeusi, vidogo kuliko kichwa cha pini, vingine vimejitokeza kimoja kimoja na vingine vimebanana makundi makundi. Nilikwangua viwili vitatu kwa ncha ya wembe, nikavitia katika tone la maji juu ya slaidi, nikavikandamiza taratibu kwa kioo cha kufunikia, nikaviweka chini ya hadubini.

Katika tone lile moja mlikuwa na spora, yaani chembe za uzazi za kuvu, za namna mbili. Kuna zilizokuwa angavu, hazina rangi yoyote, zenye seli moja, ukuta mnene na chembechembe tele ndani yake. Na kuna zilizokuwa za rangi ya kahawia iliyokolea, zimekatwa katikati na ukuta mwembamba uliozigawa seli mbili, na zina michirizi iliyonyooka kutoka ncha moja hadi nyingine, kama ganda la mbegu ya alizeti.

Nilimwomba Mzee anipe muda. Alinipa, lakini swali lake halikunipa nafasi. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikilizungusha kichwani, na kila nilipotaka kulijibu nilijikuta nimesimamishwa na swali jingine lililolitangulia: kabla ya kusema kiumbe hiki kimefanya nini, je, ninaweza kusema ni kiumbe gani?

## Zipi ni zake?

Aliyewahi kufungua kitabu cha kutambulisha kuvu ndogo anajua kwamba maswali ya mwanzo kabisa huwa ni mawili: spora ina rangi au haina, na ina seli ngapi. Utaratibu huo uliimarishwa na Mwitalia Pier Andrea Saccardo wa Padua, ambaye mwaka 1882 alianza kuchapisha mkusanyo mkubwa wa majina ya kuvu zote zilizokuwa zikijulikana, akazipanga kwa rangi na kwa idadi ya seli za spora zao. Ni utaratibu wa mtu mwenye kazi nyingi na muda mchache, na kwa sehemu kubwa ulifanya kazi. Kwa tone langu, hata hivyo, ulinielekeza kwenye kurasa mbili tofauti kabisa za kitabu kimoja.

Uwezekano kwamba zilikuwa kuvu mbili haukuwa wa kupuuzwa. Tawi kavu ni makazi yanayogombaniwa, na si ajabu kukuta kuvu tatu au nne zimebanana katika eneo la ukucha wa kidole gumba. Ningeweza kueleza zile za kahawia peke yake na kuziacha zile angavu zipotee kimyakimya, kwa kuwa za kahawia ndizo zilizokuwa na alama za kuvutia. Nadhani maelezo mengi ya zamani yaliandikwa kwa namna hiyo.

Nilichofanya ni kukilaza kipande cha tawi katika bakuli lenye karatasi nyevu, nikakifunika, nikawa nakitazama kila nilipopata nafasi. Baada ya muda vile vidutu vilianza kutoa ute mweusi mdomoni, na ute ule ulikuwa umejaa spora za kahawia tupu. Ndipo nilipochukua wembe mpya nikakata kidutu kimoja kwa wima, vipande vyembamba vinavyopitisha mwanga, kazi inayohitaji mkono uliotulia na asubuhi ambayo hujanywa kahawa.

Kidutu hicho ni kifuko chenye ukuta mweusi. Wataalamu huita vifuko hivi piknidia. Ukuta wake wa ndani umetandazwa seli fupi zinazozalisha spora, na katikati ya seli hizo husimama nyuzi tasa, nyembamba, ndefu kuliko spora zenyewe. Pale ukutani, spora zote zilikuwa angavu na za seli moja. Kadiri jicho lilivyopanda kuelekea mdomoni, zilianza kuonekana za rangi hafifu, kisha zenye ukuta wa katikati uliokuwa ndiyo kwanza unajichora, kisha za kahawia kamili.

Hazikuwa kuvu mbili. Zilikuwa marika mawili.

Hata ile michirizi iliniwekea mtego mwingine, kwa sababu jicho la kwanza huiona kama mifereji iliyochongwa nje ya spora. Ukizungusha gurudumu la hadubini polepole, ukaiacha spora ishuke chini ya ukali wa lenzi, utaona kwamba ukingo wa nje ni laini na michirizi hutokea baadaye kidogo, kwa ndani. Ni chembe za melanini, ile rangi nyeusi ya asili, zilizojipanga kwenye uso wa ndani wa ukuta. Spora changa haina, na ndiyo maana anayechukua sampuli mapema hawezi kuiona, wala hawezi kulaumiwa kwa kutoiandika.

Seli mbili, rangi ya kahawia, michirizi ya wima, ukuta mnene, nyuzi tasa kati ya seli zinazozaa: hapo jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, haina utata. Ni Lasiodiplodia, wa familia ya Botryosphaeriaceae, na katika nchi za joto jina linalokuja mdomoni moja kwa moja ni Lasiodiplodia theobromae.

Ule urahisi wa kuja kwake ndio ulionitia shaka.

## Jina lililosafiri

Spishi hii ilielezwa mwaka 1892 na Narcisse Patouillard, mfamasia wa Kifaransa aliyekuwa pia mtaalamu wa kuvu, katika orodha ya kuvu za Ekuador aliyoitoa pamoja na Gustaf Lagerheim, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyekuwa akifanya kazi Quito. Ilikuwa imekutwa kwenye mkakao, ndiyo maana ikaitwa theobromae, kwa jina la kisayansi la mmea huo. Patouillard aliiweka katika jenasi ya Botryodiplodia. Mwaka 1896 huko Marekani ilianzishwa jenasi mpya ya Lasiodiplodia kutokana na kuvu iliyokuwa ikiozesha viazi vitamu, na mwaka 1909 Wafaransa wawili, Griffon na Maublanc, wakaihamishia kuvu ya Patouillard humo.

Wakati huohuo, kila aliyeikuta kwenye mmea wake aliipa jina lake. Iliyokutwa kwenye michungwa ya Afrika Kusini iliitwa Diplodia natalensis. Desturi ya enzi ile ilikuwa kwamba mmea mwingine maana yake ni kuvu nyingine, na desturi hiyo ilizaa majina mengi ambayo karne ya 20 ililazimika kuyazika moja baada ya jingine, hadi vitabu vya rejea vikafikia kusema kwamba L. theobromae inaishi kwenye takriban aina 500 za mimea: miembe, mikorosho, mikakao, migomba, mihogo, michungwa, na mingine mingi. Kutoka kupasua kila kitu tukahamia kufagia kila kitu kwenye kapu moja.

Lakini kilichonishughulisha zaidi ni kielelezo. Kanuni za kutaja majina hudai kwamba kila jina lifungwe kwenye kielelezo kimoja halisi, kilichohifadhiwa mahali panapojulikana, ili atakayekuja kubisha awe na kitu cha kukifungua na kukichunguza. Kielelezo cha Patouillard hakikupatikana. Kwa hiyo wataalamu walichagua kingine cha kushika nafasi yake, na walichokichagua ni kuvu iliyooteshwa kutoka kwenye tunda lisilotambuliwa, lililookotwa kwenye pwani ya matumbawe huko Papua Guinea Mpya, na ambayo inatunzwa ikiwa hai katika hazina ya kuvu iliyopo Utrecht, Uholanzi.

Yaani kuvu ya mkakao wa Ekuador leo inathibitishwa kwa tunda la ufukwe wa Pasifiki.

Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza niliiona kuwa ni mzaha wa ofisini. Sasa siioni hivyo. Mistari michache ya Patouillard, hata ingekuwa sahihi kila neno, ingeweza kuvikwa na spishi kadhaa tunazozijua leo, kwa sababu yeye hakuwa na namna ya kujua ni sifa zipi zingekuja kuhitajika baada ya miaka mia moja. Maandishi hayawezi kuulizwa swali jipya. Kuvu iliyo hai inaweza kuulizwa, hata kama imetoka kisiwa cha mbali, alimradi watu wote wakubaliane kuiuliza hiyohiyo.

## Mikromita chache

Swali jipya liliulizwa mwaka 2008. Watafiti wanne, Alves, Crous, Correia na Phillips, walichukua kuvu zilizokuwa zikiitwa L. theobromae kutoka sehemu mbalimbali, wakasoma vipande viwili vya vinasaba vyake, eneo liitwalo ITS na jeni ya tef1-alpha, kisha wakarudi kupima spora. Kapu lile moja lilikuwa na angalau spishi tatu. Mbili walizipa majina mapya: L. pseudotheobromae, yenye spora za wastani wa mikromita 28 kwa 16, na L. parva, yenye spora ndogo za wastani wa mikromita 20 kwa 11 hivi. L. theobromae yenyewe ilibaki katikati, karibu mikromita 26 kwa 14. Tangu hapo jenasi imeendelea kuongezewa spishi, nyingi zikitofautishwa kwa vinasaba kwanza na kwa hadubini baadaye.

Mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Hadubini yangu ina kijirula kilichochorwa kwenye kioo cha jicho, ambacho lazima kilinganishwe na slaidi ya vipimo kila unapobadilisha lenzi, na mstari mmoja wa kijirula hicho ni mnene kuliko tofauti ninayotakiwa kuiona. Ndiyo sababu desturi ya kazi hii ni kupima spora 50 au zaidi, zilizokomaa, na kuandika si wastani peke yake bali pia ndogo kabisa na kubwa kabisa. Nilipima. Wastani wangu uliangukia jirani na theobromae, jambo lililonipa raha ya nusu saa, mpaka nilipotazama upya mipaka ya vipimo: spora yenye urefu wa mikromita 24 inaweza kuwa ya yoyote kati ya spishi hizo tatu.

Kuna wenzangu wanaochukulia jambo hili kama hukumu ya kifo kwa hadubini. Sikubaliani nao. Hakuna mashine ya kusoma vinasaba ambayo ingeniambia kwamba spora angavu na za kahawia ni marika ya kiumbe kimoja, au kwamba michirizi iko ndani ya ukuta. Kinasaba husema huyu ni ndugu wa nani. Hakisemi anaishije ndani ya gome. Ninachokubali ni kwamba jicho langu lina mpaka, na kwamba mpaka huo ni sehemu ya maelezo.

## Muuaji au mrithi?

Sasa turudi kwa Mzee, maana swali lake lilikuwa gumu kuliko la jina.

Kukuta kuvu imeketi juu ya tawi lililokufa ni ushahidi dhaifu sana. Daktari Mjerumani Robert Koch na wenzake mwishoni mwa karne ya 19 waliweka masharti ambayo bado tunayafuata: kitenge kiumbe unachokishuku, kioteshe peke yake, kipandikize kwenye mwili wenye afya, ugonjwa uleule utokee, kisha ukitoe humo tena. Kwa L. theobromae jambo hili limefanywa kwenye miembe na mimea mingine mara nyingi. Ukiitia kwenye jeraha la tawi, tawi huweza kukauka kweli. Kwa hiyo haina usafi wa malaika.

Lakini kuna upande wa pili, na huo ndio uliobadilisha mawazo yangu. Nilikwenda kwenye mwembe uleule nikakata vijiti vya kijani, vyenye majani mazuri, visivyo na doa. Niliviosha kwa spiriti na dawa ya klorini ili kuua chochote kilichokuwa juu ya gome, nikavisuuza, nikavipasua, nikaweka vipande vya ndani kwenye sahani zenye chakula cha viazi. Kuvu hii hupenda joto la nyuzi 28 hadi 30, na maabara yangu, ambayo kipozahewa chake kina historia ndefu, ilikuwa na joto hilo bila jitihada yoyote. Kutoka katika baadhi ya vijiti vile vyenye afya zilichomoza nyuzi nyeupe zenye rangi ya majivu, zikaenea sahani nzima kwa siku chache, kisha zikageuka nyeusi. Baadaye kabisa zilitoa vifuko, na ndani ya vifuko spora zilezile.

Ilikuwamo tayari.

Wataalamu wa miembe wanalijua jambo hili. Kuvu za familia hii huingia kwenye mmea zikakaa ndani ya tishu zilizo hai bila kuonyesha dalili, na hali ikibadilika, kwa ukame, jeraha, joto kali au uzee, hubadili mwenendo. Hata embe linaloanza kuoza kwenye kikonyo siku chache baada ya kununuliwa sokoni mara nyingi limeharibiwa na kuvu iliyopita kwenye kikonyo wakati tunda likiwa bado juu ya mti, ikangoja liive. Mnunuzi humlaumu muuzaji, na muuzaji humlaumu dereva wa Fuso.

Basi nani aliua tawi? Inawezekana kiangazi kilidhoofisha ncha, kuvu ikapata nafasi, ikaimaliza. Inawezekana tawi lilikufa kwa sababu nyingine kabisa na kuvu ikarithi kuni. Inawezekana pia kwamba matawi mawili ya mwembe uleule yamekufa kwa visa viwili tofauti. Kutazama vidutu vyeusi juu ya gome, hata kwa lenzi bora kuliko zote, hakuwezi kutenganisha visa hivyo, kwa kuwa mwisho wake wote unafanana.

Nilimweleza Mzee hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Nilimshauri akate matawi makavu mpaka afikie mti msafi usio na michirizi ya kahawia ndani, afanye hivyo siku ya jua na si ya mvua, visu vifutwe kwa spiriti, na matawi yaliyokatwa yachomwe badala ya kurundikwa chini ya shina, maana tawi kavu lililolala chini huendelea kutoa spora kila linapolowa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo amekaa humo siku zote, anakula na kulala." Sikuwa na la kuongeza, isipokuwa kwamba pengine mwembe nao ulikuwa ukijua.

## Harufu ya asumini

Nasema hivyo kwa sababu ya jambo moja ambalo watu wa pwani watalifurahia. Mwaka 1962 wanakemia waliokuwa wakichunguza mafuta ya asumini walitambua ndani yake kiungo kimojawapo cha harufu ile, methili jasmoneti. Mwaka 1971 ndugu yake wa karibu, asidi ya jasmoniki, ilitolewa kutoka kwenye kuvu iliyokuwa ikioteshwa maabara, na kuvu yenyewe ilikuwa Lasiodiplodia theobromae. Baadaye ilibainika kuwa asidi hiyo ni homoni ambayo mimea huitumia kupashana habari ndani ya mwili wake inapojeruhiwa au kuliwa na wadudu.

Kuvu nyeusi ya tawi bovu, basi, inajua kutengeneza kilio cha mmea uliojeruhiwa. Hakuna kipimo chochote cha spora kitakachokuonyesha hilo.

## Maelezo yenyewe

Kuanzia mwaka 1935 hadi mwisho wa 2011, atakayetangaza spishi mpya ya kuvu alilazimika kuieleza kwa Kilatini. Tangu Januari 2012 anaruhusiwa Kilatini au Kiingereza, na tangu Januari 2013 lazima apate pia namba ya usajili kutoka kwenye hazina ya majina inayotambuliwa. Kiswahili hakimo katika kanuni hiyo. Lakini mimi sitangazi spishi mpya, kwa hiyo hakuna anayenizuia, na wakulima wenye mikorosho na miembe wanaosoma hapa wana haki ya kuipata kwa lugha wanayokatia matawi.

Kuvu ya matawi makavu ya mwembe, iliyokutwa pia ndani ya vijiti hai vya mti huohuo. Vifuko vya spora ni vyeusi, huota chini ya gome na kulipasua, kimoja kimoja au kwa makundi, na vikilowa hutoa ute mweusi. Ndani, kati ya seli zinazozaa spora, kuna nyuzi tasa zisizo na rangi. Spora ni za mviringo mrefu, ncha ya juu butu, ya chini imebanwa kidogo; zikiwa changa ni angavu, zina seli moja na ukuta mnene, na hubaki hivyo kwa muda mrefu; zikikomaa huwa za kahawia iliyokolea, za seli mbili, zenye michirizi ya wima kwenye uso wa ndani wa ukuta. Hatua ya uzazi wa kijinsia haikuonekana. Kwenye sahani huota upesi, nyeupe ya majivu kwanza, nyeusi baadaye.

Kwenye nafasi ya jina nimeandika "Lasiodiplodia, kundi la theobromae". Neno "kundi" limenisumbua kuliko maelezo yote yaliyobaki, kwa kuwa linaonekana kama kukwepa, na msomaji mmoja niliyemwonyesha rasimu alinishauri nilifute ili andiko liwe na msimamo. Nimeliacha. Jeni ya tef1-alpha haijasomwa, na mpaka isomwe, vipimo vyangu vinaruhusu spishi zaidi ya moja.

Kipande cha tawi nimekikausha na kukitia katika bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, kwani plastiki hufungia unyevu na ukungu mwingine ungekimaliza. Juu ya bahasha nimeandika mti, mahali, mwezi, kimo cha tawi kutoka ardhini, na kwamba lilikatwa baada ya kiangazi kirefu. Kuvu iliyooteshwa kutoka kijiti cha kijani nimeitunza katika chupa yake, mbali na ile ya tawi kavu, kwa sababu sijathibitisha kwamba hizo mbili ni spishi moja, nami nisingependa mwenye vifaa vya kusoma vinasaba akija azikute zimekwisha kuchanganywa kwa niaba yake.